Breki Zinashika

Daraja Mbili, Arusha
3 Februari 2025

Mama Joyce,

Salamu sikupi, maana nilizokupa mwaka jana hukuzirudisha. Naandika kwa sababu wazee wa usharika walitukataza kupigiana simu, baada ya siku ile uliyoniita mwizi nami nimeweka spika mbele ya mafundi wangu. Walisema tuandikiane, eti maandishi yana adabu. Hawakuwa wameyaona maandishi yako.

Habari ni hii: Mama Mkwe alizima tena juzi pale Tengeru. Nakukumbusha kwamba kichwa chetu cha treni nilikipa jina hilo kwa heshima ya mama yako mzazi. Kinaamka kinapotaka, kinanguruma siku nzima, na hakuna anayethubutu kukiambia kitu. Siku nilipokinunua kwenye lile shamba la mkonge lililofungwa, wewe ulikuwa pembeni yangu unapiga vigelegele. Leo unajifanya hukuwepo. Spea zake hazitengenezwi tena popote, nachonga mwenyewe kwa vyuma vya matrekta, na mabehewa yote mawili ni mbao na kutu tu.

Mimi nasema tuuze chuma chakavu, tugawane, kila mtu ashike njia yake. Ukikataa, kumbuka tulichosaini mbele ya mchungaji. Mitambo ni yangu, abiria ni wako, na atakayekwamisha safari ya watu waliokwisha kulipa, huyo atamwachia mwenzake kampuni yote. Mimi sina mpango wa kukwamisha. Wewe sijui.

Barua hii anakuletea Loishiye, gadi wetu, kwa treni ya asubuhi. Ikichelewa, mlaumu Mama Mkwe.

Oscar Pallangyo
Mkurugenzi, Mitambo


Usa River
5 Februari 2025

Bwana Oscar,

Barua yako ya tarehe tatu imefika leo. Kutoka Arusha hadi huku mtu mwenye miguu yake anafika siku hiyo hiyo, tena anapumzika njiani anakula ndizi. Hiyo ndiyo mitambo yako.

Siku ya Tengeru nilikuwemo ndani ya treni. Akina mama wa sokoni walishuka na mikungu yao kichwani, wakapanda hadi barabara kuu kutafuta gari. Mmoja akaniambia, "Mama, bora ungetuletea punda." Nilicheka naye, halafu nikaingia stoo ya behewa nikalia. Nakueleza hilo ulifurahie, maana najua unapenda kusikia nimelia.

Kuuza siuzi. Najua hicho chuma chakavu kitageuka mabati ya nyumba ya yule dada wa Sombetini aliyekutoa kwangu. Mwambie avumilie mvua. Mimi nilivumilia mpaka nywele zikaota mvi, na nilichopata ni wewe.

Loishiye ananiambia nikufikishie neno lake. Anasema, "Nyinyi wawili mngekuwa ng'ombe, mimi ningewatenga zizi zamani." Nimemjibu kwamba ng'ombe hawasaini mikataba.

Prisca Mbise
Mkurugenzi, Abiria


Makumira
21 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Sipokei simu yako kwa sababu unaanza na "umekula?" unamalizia na "baba yako". Yeye naye anaanza na "umesoma?" anamalizia na "mama yako". Nimechoka. Siku hizi nikiona jina la mmoja wenu kwenye simu, naifunika kwa mto.

Wiki iliyopita Baba alikuja chuoni, akanipeleka kula mtori. Nikadhani amenikumbuka. Kumbe alitaka kujua kwenye kesi nitasimama upande gani. Nikamuuliza, kesi gani tena? Akasema, "Itakuja tu." Mama, nyinyi kesi mnaipika kama pombe ya mbege. Mmeifunika, mnangoja ichachuke.

Naomba kitu kimoja tu maishani. Mmoja wenu akubali kushindwa. Awe nani, mimi sijali. Treni yenyewe ni mbovu, wote mnajua, na watu wanaopanda hawana ugomvi na mtu.

Nina kazi nyingi za darasani. Siji huko mpaka Pasaka, kwa hiyo usinitumie mtu kuniangalia.

Mwanao,
Joyce


Usa River
24 Machi 2025

Bwana Oscar,

Jiandae. Kwaya ya vijana wa huku imekodi treni nzima Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa, kwenda kwenye tamasha mjini. Wamekwisha kulipa, nimekwisha kusaini, na mchungaji ana nakala.

Kazi yako ni kuniletea asubuhi kichwa kinachowaka na mabehewa yanayotembea. Usipoleta, umekwamisha, na Jumapili nitakuja kuchukua funguo za karakana nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Yule dada wa Sombetini anaweza kuja kunipigia makofi.

Nimekuombea, kama ninavyowaombea wote wanaoelekea kuanguka.

Prisca


Karakana, Arusha
Jumamosi, 29 Machi 2025, asubuhi

Mama Joyce,

Mama Mkwe ameamka kwa wakati. Treni inatoka sasa hivi mbele ya mashahidi, nimeipiga na picha. Kwa hiyo kama kuna mtu atakayekwamisha watu wa Mungu leo, si wa upande wa mitambo.

Kwa taarifa yako: behewa la pili, breki zinashika. Nimekuandikia, usije ukasema sikukuandikia. Kupakia watu au kutowapakia ni mambo ya abiria, na abiria ni wako. Amua mwenyewe. Roho Mtakatifu akuongoze, kama unavyopenda kuwaambia wenzako.

Oscar


Stesheni ya Usa River
Jumamosi, 29 Machi 2025, asubuhi

Bwana Oscar,

Treni nimeipokea, barua nimeipokea. Nimefurahi kusoma kwamba breki zinashika. Breki za kuogopa ni zile zisizoshika. Kwa neno hilo la fundi mkuu, napakia.

Behewa la kwanza limejaa vinanda, ngoma na maspika, kwa hiyo vijana wote nawaweka la pili. Wameanza kuimba kabla hata ya kukaa. Wangekuwa wangu, ningejivunia.

Loishiye amesimama hapa mbele yangu anashika pua. Anasema, "Mama, gurudumu inanuka. Inanuka kama kwato ya ng'ombe kwenye moto." Nimemwonyesha barua yako, nikamwambia fundi ameandika zinashika, wewe kapige filimbi. Ameenda kupiga.

Jibu hili analeta yeye. Barua yako nimeiweka mahali salama.

Prisca


Hospitali, Arusha
4 Aprili 2025

Oscar,

Umenichomea mtoto.

Siku sita nakaa kwenye benchi moja na wewe kwenye korido hii na sijaweza kufungua mdomo nikuambie, basi nakuandikia, atakupa nesi. Mimi sikujua kwamba Joyce yuko kwenye kwaya ile. Alipandia Makumira, aliwaambia wenzake anataka kumshtukiza baba yake mjini. Walikuwa wanaimba. Moshi ulianzia chini ya sakafu, na zile mbao zako kavu zikashika moto kabla dereva hajasikia kelele za watu. Nilikuja mbio kwa bodaboda nikadhani nawafuata watoto wa watu. Nikaona machela, nikaona viatu vyake.

Waliobaki wametoka na majeraha. Loishiye alirudi ndani kumtoa Joyce, akamtoa, akaanguka hapo hapo chini. Moshi ulikuwa umemjaa. Tulimzika jana kwao Oldonyosambu. Wewe hukuja. Naserian, mjane wake, aliuliza mwenye treni yuko wapi, na watu wote wakanitazama mimi.

Polisi nimewapa barua yako. Umeandika kwa mkono wako kwamba breki zinashika. Muulize mtoto wa chekechea breki inayoshika ni breki ya namna gani, atakuambia ni nzima. Ulinidanganya kwa maandishi, nami nikawapandisha watoto kwa kukuamini. Utaoza jela, na kampuni itakuwa yangu hata kama imebaki majivu.

Prisca


Daraja Mbili
6 Aprili 2025

Prisca,

Umewapa polisi barua yangu. Na mimi nimewapa yako, iliyotolewa mfukoni mwa Loishiye.

Uliponiamini ilikuwa lini? Taja siku. Hukuniamini nilipokuambia chai ina sukari, leo uniamini kwenye breki? Kwa fundi yeyote, neno hilo lina maana moja. Breki zikishika zimegoma kuachia, zinaling'ang'ania gurudumu safari nzima mpaka chuma kinakuwa chekundu. Na wewe hilo unalijua kama jina lako. Gereji yetu ya kwanza hapa Daraja Mbili, nani alikuwa anakaa kaunta? Nani alikuwa anawaandikia wateja, "Breki zinashika, gari isitembee"? Mkono wako huo huo, Prisca, na madoido yake yote ya herufi.

Uliisoma, ukaielewa, ukainusa. Gadi alikuambia mdomoni. Ukaona kwamba ukikataa kupakia, safari imekwama kwa upande wako na kampuni imekuja kwangu. Ukaona afadhali behewa liungue kidogo, nionekane fundi muuaji. Watoto wa watu uliwaona ni wengi, hata wakipungua watatosha.

Mimi ningejua mwanangu yumo, ningelala kwenye reli.

Oscar


Usa River
9 Aprili 2025

Oscar,

Nimeisoma mara mbili, na nakushukuru. Umeandika mwenyewe kwamba ulijua nitaelewa. Kwa hiyo ulijua chuma kitakuwa chekundu, ukaiachia treni itoke, ukapiga na picha. Hukutaka kuizuia, kwa sababu ukiizuia umekwama wewe. Ulitaka niizuie mimi. Na kama ningekosa kuizuia, hukujali. Wangekuwa watoto wa nani hao? Si wako.

Mimi nitasimama mbele ya hakimu niseme mimi ni mama wa kuuza tiketi, sijui neno la mafundi. Nani atabisha? Barua hii ukiwapa polisi, nami nitawapa yako ya tarehe sita. Karatasi za kaunta zilikwisha kuwashia jiko. Mafundi wako wa zamani wametawanyika.

Aliyebaki ni mmoja tu. Alikuwa anafanya hesabu zake za shule chini ya kaunta ile, katikati yetu, anasikia kila kitu. Tutaona atamsikitikia nani.

Prisca


Daraja Mbili
22 Aprili 2025

Joyce mwanangu,

Pasaka imepita bila wewe kula nyumbani, na ndizi nilizokuwa nimekununulia zimeiva zikaoza mezani. Nesi anasema umekataa wageni. Basi pokea barua.

Daktari ameniambia vidole vya mkono wa kulia havitafunguka tena. Lakini usiogope, nitakununulia kompyuta ile inayoandika mtu akiiambia. Baba yako ni fundi, hakuna kisicho na spea.

Kuna afande atakuja kukuuliza habari za neno nililoandika. Sikuombi useme uongo, hata kidogo. Sema ukweli kwamba mama yako alilijua neno hilo, alilitumia kila siku pale gereji. Ishia hapo. Mambo yangu usiyaongeze, hakuna atakayekuuliza.

Mwenye kuniangusha mimi ameangusha ada yako ya chuo. Hilo nalo ni ukweli.

Nakupenda,
Baba


Usa River
22 Aprili 2025

Mwanangu Joyce,

Umekula? Nimekuletea uji wa ulezi, nimemwachia nesi kwa sababu mlango wako umefungwa kwangu mimi niliyekuzaa. Nimekaa nje nikakusikia ukicheka na wauguzi. Nikafurahi, na ikaniuma.

Kila ninapofumba macho naona viatu vyako. Natamani ningeungua mimi.

Sasa nisikilize. Afande atakuja. Baba yako ni fundi, alijua hatari na akaitoa treni. Huo ni ukweli, useme bila kuogopa. Kuhusu mimi, kama nilijua neno au sikujua, mwambie hukumbuki. Ulikuwa mdogo. Kusema hukumbuki si dhambi, hata mimi kuna mambo mengi ya ndoa ile nimechagua kutoyakumbuka.

Ukinipoteza mimi, nani atakuosha nywele na mkono huo?

Mama yako anayekuombea


Hospitali, Arusha
2 Mei 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Naandika barua moja kwa wote wawili. Nimemwomba nesi atoe nakala, ili asije mmoja akasema mwenzake amepewa neno zaidi. Mwandiko mnisamehe, ni wa mkono wa kushoto, ndio kwanza unajifunza.

Kwanza niwaeleze mkono, kwa sababu kila mmoja ameulilia na hakuna aliyeuliza. Mlango wa behewa ni wa chuma, na ile kamba ya kuushikilia ukae wazi ilikuwa imekatika siku nyingi. Ulikuwa unajifunga wenyewe. Nikaushika ili wenzangu wapite. Ulikuwa unachoma, lakini kila nikitaka kuuachia namwona mwingine anakuja. Walipokwisha, mkono haukutaka kufunguka, na moshi ukanizidi. Loishiye ndiye aliyenibandua. Aliniambia, "Achia, mama, wametoka." Ndiyo sauti ya mwisho niliyosikia siku ile.

Naserian amekuja mara tatu. Ametoka Oldonyosambu na kibuyu cha maziwa, analipa nauli mwenyewe, anakaa, anauliza kama maumivu yamepungua. Hajauliza breki. Hajauliza nitasema nini. Mara ya tatu nilimwambia kwamba yeye amefiwa na mume kwa ajili yangu, akasema, "Yeye alikwenda kuchukua mtoto. Kazi ya mtu mzima ni hiyo." Nikalia mpaka bandeji zikalowa. Nikiruhusiwa nitaenda kwake. Sitakuja Daraja Mbili, sitakuja Usa River, na msinifuate huko.

Ada iacheni. Nywele nimezikata.

Afande alikuja jana. Ni mtu mpole, alivua kofia. Aliweka barua zenu mbili juu ya shuka, ya Baba huku na ya Mama huku, akanieleza kwamba kesi yote inasimama kwenye neno moja. Upande mmoja unasema maana yake breki ni nzima, upande mwingine unasema maana yake ni mbovu, na neno ni lile lile. Akaniuliza kama nakumbuka neno hilo lilitumikaje nyumbani kwetu. Nikamwambia nakumbuka. Nilikuwa nasoma chini ya kaunta, Baba akipaza sauti kutoka chini ya gari, "Zinashika!" na Mama anaandika, "Isitembee." Hakuwahi kuuliza mara ya pili.

Akaandika. Halafu akaguna, akasema, "Binti, pole sana. Kwa hiyo siku ile wazazi wako hawakuelewana?"

Nilicheka, Baba. Nilicheka, Mama, mpaka nesi akaja kuangalia.

Nikamwambia, afande, andika vizuri hapo. Tangu nizaliwe sijawahi kuwaona wakielewana kama asubuhi ile.

Joyce